Gunia la Nyumbani

Kila mali ina njia mbili mbele yake: njia ya kwenda sokoni na njia ya kwenda jikoni. Njia ya sokoni ni pana, na wapitao ni wengi; njia ya jikoni ni nyembamba, na aghalabu huota majani kwa kukosa mpitaji. Mvuvi huuza changu akanunua dagaa. Mfugaji huuza maziwa akanywa chai ya rangi. Na mkulima wa korosho, ambaye ardhi yake hutoa chakula kitafutwacho na matajiri wa dunia, huuza gunia la mwisho akala ugali wa muhogo kwa mboga isiyoungwa. Hapana aibu katika kuuza, maana ada ya shule na deni la salfa havilipwi kwa maneno. Aibu, kama ipo, ni mtu kujua bei ya kitu chake na kutojua faida yake.

Uwanda wa Makonde, kusini ya Tanzania, ni nchi ya mikorosho. Mtu atokaye Mtwara kwenda Newala hupita kati ya miti hiyo mpaka macho yakachoka kuitazama. Huko palikuwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa miaka 67, mwenye mikorosho 90: mingine aliirithi kwa baba yake na mingine aliipanda kwa mkono wake. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka 34, na watu walikuwa wamezoea kumwita Mwalimu hata jina lake halisi likabaki katika vyeti tu. Alikuwa na mke mmoja na wajukuu watatu waliokaa nyumbani mwake. Kila mwaka shamba lake lilitoa magunia 12 hivi ya korosho ghafi, na kila mwaka magunia yote 12 yalikwenda ghalani kungoja mnada.

Mwezi wa Machi mwaka 2021 Mwalimu alishikwa na kizunguzungu alipokuwa akipalilia. Akaketi chini ya mti, akajaribu kusimama, akashindwa. Jirani alimchukua kwa pikipiki mpaka kwenye barabara kuu, na gari la kukodi likampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyempokea alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo wewe ndiwe unayesahihisha."

Muuguzi alimpima, akapima tena, akaandika 170 juu ya 100. Tabibu akampa vidonge vya kushusha shinikizo la damu na kumwonya kwamba havikuwa vidonge vya wiki moja. Kisha muuguzi akamketisha pembeni, akamwambia apunguze chumvi, aache maandazi ya kila asubuhi yaliyokaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, atembee, na mahali pa maandazi yale aweke ukufi mmoja wa korosho au karanga zisizotiwa chumvi.

Mwalimu alicheka, ingawa kichwa kilikuwa bado kizito. "Mwanangu, unamwambia mvuvi anywe mchuzi wa samaki?"

"Naam, Mwalimu," alijibu muuguzi, "ikiwa mvuvi mwenyewe hanywi."

Jibu hili lilimrudia Mwalimu njia nzima. Alipofika nyumbani alimwomba mkewe korosho kidogo. Bibi akamtazama kwa mshangao. "Mzee wangu, korosho zilikwenda ghalani tangu Novemba. Fedha yake ndiyo iliyolipa gari lililokupeleka hospitali." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na kwa kuwa yalikuwa kweli yalimwuma zaidi. Kesho yake alimtuma mjukuu wake mkubwa dukani. Kijana alirudi na kipakiti cha gramu 100, korosho nyeupe zilizobanguliwa vizuri, na bei yake ilikuwa karibu sawa na ile aliyolipwa Mwalimu kwa kilo nzima ya korosho ghafi. Mwalimu alikiweka kipakiti juu ya meza akakitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana ugenini na mwanawe, na mwana akamsalimia kwa lugha ya kigeni.

Tangu siku ile alianza kusoma. Aliazima vitabu vya lishe, akauliza waliojua, akaandika katika daftari kama alivyokuwa akiandika maandalio ya masomo. Aliona kwanza kwamba Waswahili hawakupata kuona haja ya kuyatia mazao haya katika kapu moja la jina. Karanga ni karanga, korosho ni korosho, lozi ni lozi. Na kweme, mbegu kubwa za mtambao ambazo kina mama waliojifungua katika nchi za Kilimanjaro na Upare hulishwa ili wapate maziwa, ni kweme. Wataalamu wa mimea nao wana kapu lao: kwao karanga na njugu mawe ni jamaa za kunde na maharage, na mkorosho ni jamaa wa mwembe. Lakini mwili hauulizi nasaba. Mwili huuliza kilichomo.

Na kilichomo si haba. Katika gramu 100 za kiini cha korosho mna gramu 18 hivi za protini na gramu 44 za mafuta. Katika karanga kiasi hicho hicho, protini ni gramu 26 hivi na mafuta ni 49. Njugu mawe kavu zina protini inayokaribia gramu 20, lakini mafuta yake ni machache na wanga wake ni mwingi. Juu ya hayo mna madini ya magnesi, chuma na zinki, na nyuzinyuzi zisaidiazo tumbo kufanya kazi yake. Neno mafuta lilimtisha Mwalimu, kwa kuwa mafuta ndiyo aliyoonywa nayo. Akasoma zaidi, akafahamu kwamba mafuta hayako ya namna moja. Mengi ya yale yaliyomo katika korosho na karanga ni ya namna isiyogandamana kama samli. Yakichukua nafasi ya mafuta yagandayo, hupunguza kolesteroli mbaya, ile ambayo hujikusanya katika kuta za mishipa kama kutu katika bomba. Tena mtu ayatafunaye hushiba mapema, na sehemu ya mafuta hupita tumboni ikiwa bado imefungwa ndani ya chembe ambazo meno hayakuzivunja. Ndiyo sababu ukufi wa korosho haumnenepeshi mtu kwa kadiri ambayo hesabu ya karatasi ingedai.

Palikuwa na ushahidi wa watu pia, si wa vyombo vya kupimia peke yake. Katika Marekani wachunguzi waliwafuata wauguzi wanawake 76,464 kwa miaka 30, na wanaume wa kazi za afya 42,498 kwa miaka 24, wakiwauliza mara kwa mara wanakula nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: wale waliokula lozi, karanga na ndugu zao mara saba au zaidi kwa wiki walikufa kwa kadiri iliyopungua kwa asilimia 20 kuliko wale wasiokula kabisa. Mwaka huo huo, katika Hispania, yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Kundi moja lilipewa gramu 30 za jozi, lozi na jamaa zake kila siku pamoja na vyakula vya desturi ya nchi zile. Nalo lilipata kiharusi, shtuko la moyo na vifo vya moyo kwa uchache wa karibu asilimia 30 kuliko kundi lililoshauriwa tu kupunguza mafuta.

Mwalimu wa hesabu hakuzipokea tarakimu hizi kwa kupiga makofi. Aliuliza swali ambalo alikuwa akiwauliza wanafunzi wake: je, mambo mawili yakienda pamoja, moja ni lazima liwe mzazi wa jingine? Yawezekana wale wauguzi waliokula lozi walikuwa pia watu wasiovuta sigara, wenye nafasi ya kutembea na fedha ya kununua matunda. Wachunguzi walijitahidi kuyaondoa mambo hayo katika hesabu yao, lakini kujitahidi si kumaliza. Na uchunguzi wa Hispania ulionekana kuwa na kasoro katika namna watu wengine walivyogawiwa makundi. Waandishi wake wakauondoa, wakaupiga hesabu upya na kuutoa tena mwaka 2018, na matokeo yakabaki karibu yale yale. Mwalimu aliandika katika daftari lake: "Si dawa. Ni chakula chema, na ushahidi wake ni mwema kuliko wa vingi vinavyosifiwa." Kisha akaongeza mstari wa pili: "Vidonge viendelee."

Lakini kadiri alivyosoma ndivyo swali jingine lilivyokua. Kama chakula hiki ni chema hivi, na kimeota mlangoni mwake, kwa nini hakikuwamo katika chungu chake? Alitafuta jibu katika historia.

Korosho ni mgeni aliyekwisha pewa uenyeji. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazili, na Wareno waliileta pwani hii katika karne ya 16. Karanga nayo ilitoka Amerika ya Kusini. Kati ya hizi tatu, njugu mawe peke yake ni mzaliwa wa Afrika. Ugeni haukuwa na dhara, maana mahindi na muhogo pia ni wageni na wamelea vizazi. Dhara ilikuja pale mazao haya yalipoanza kutazamwa kama shehena tu. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilikubali mpango wa kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Misitu ikafyekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikaanzishwa, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi, na mwaka 1962 reli ile ikafungwa. Mengi yamesemwa juu ya hasara ya fedha. Swali dogo halijasemwa sana: katika mahesabu yote yale ya tani na meli, mtoto wa Nachingwea alihesabiwa wapi?

Baada ya karanga ilikuja zamu ya korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Katika msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki 17,000, kwa sababu ya bei ndogo, ya wakulima kuhamishwa mbali na mikorosho yao, na ya ugonjwa wa ubwiriunga. Zikapanda tena, na katika msimu wa 2017/18 zikapita 300,000. Sehemu iliyo kubwa mno ya korosho hizo ilisafirishwa ikiwa ndani ya maganda yake, ibanguliwe Uhindi na Vietinamu. Taifa lilifurahi na kuhuzunika kwa kufuata tarakimu hizo, na lilikuwa na haki. Lakini katika tarakimu hizo hamna safu ya kuonyesha ni kilo ngapi ziliingia katika uji wa watoto wa Newala, Tandahimba na Masasi.

Basi Mwalimu akaamua kuiandika safu hiyo mwenyewe. Usiku mmoja alichukua kalamu akafanya hesabu. Ukufi mmoja ni gramu 30 hivi. Kwa siku 365 ni kilo 11. Kilo 4 za korosho ghafi hutoa kilo 1 hivi ya kiini. Kwa hiyo mtu mmoja huhitaji kilo 44 ghafi kwa mwaka, na mkewe 44 nyingine. Wajukuu watatu, kwa nusu ya kipimo, kilo 66. Jumla kilo 154, karibu magunia mawili ya kilo 80. Magunia mawili kati ya 12 ni moja ya sita. Moja ya sita ya mapato ilikuwa ada ya mjukuu mkubwa na zaidi. Mwalimu aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alifahamu kwamba wakulima hawakuwa wajinga kwa kuuza gunia la mwisho. Walikuwa wamezunguka katika hesabu hii hii bila ya karatasi, wakafika katika jibu lile lile.

Asubuhi alimsomea mkewe hesabu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua kisamvu, kisha akasema: "Hesabu yako ni sahihi, mzee wangu, lakini umehesabu miti ukasahau ardhi. Kati ya mikorosho michanga kuna nafasi. Mama yangu alipanda karanga na njugu mawe pale pale. Tulikula kisamvu cha karanga kila wiki, na njugu mawe tulizichemsha, tukala jioni. Tuliacha wakati bei ya korosho ilipopanda, tukaona palizi ya karanga ni kazi ya kimaskini. Weka gunia moja tu la korosho. Lililobaki litatoka kwenye karanga zangu."

Mwalimu alirudi kwenye karatasi. Gunia moja la kilo 80 hutoa kilo 20 za kiini, yaani gramu 55 kwa siku kwa nyumba nzima. Haja yao ilikuwa gramu 105. Gramu 50 zilizopungua ni kilo 18 hivi za karanga zilizopukuchuliwa kwa mwaka. Na kilo 18 za karanga si mzigo wa kumshinda mwanamke aliyezaliwa Newala. Hesabu iliyomshinda mwenye cheti ilikuwa imefunguliwa na mwenye kisamvu mkononi.

Hata hivyo ganda la korosho halikuwekwa na Muumba kwa mzaha. Ndani yake mna mafuta meusi makali yachomayo ngozi kama moto, na wanawake wengi wafanyao kazi ya kubangua hujulikana kwa vidole vyao. Bibi alizikaanga kwa desturi ya zamani: nje ya nyumba, juu ya bati lililotobolewa matundu, amesimama upande utokao upepo, akikoroga kwa mti mrefu. Mafuta yalidondoka yakashika moto, moshi mzito ukapanda. Watoto walifukuzwa mbali, maana moshi ule huwasha macho na kifua. Kisha alizimwaga chini akazifunika kwa mchanga ili moto ufe na mafuta yanyonywe. Zilipopoa alijipaka majivu mikononi, akazibangua moja moja kwa jiwe. Sumu na tunu hukaa nyumba moja, na anayetaka ya pili sharti aijue adabu ya ya kwanza.

Karanga nazo zina sumu yake, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu haichomi kidole. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana; ikaja kuonekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Hapo ndipo sumukuvu ilipojulikana. Sumu hii hudhuru ini, huleta saratani yake, na kwa kuchemsha au kukaanga kwa kawaida haitoweki. Kinga yake ni kukausha karanga upesi na vizuri, kuzihifadhi pasipo unyevu, na kuzitupa bila huruma zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu. Maskini hushawishika kuuza nzuri na kula mbovu. Katika karanga, uchumi huo ni kununua ugonjwa. Yafaa pia kukumbuka kwamba wako watu ambao miili yao huzikataa karanga au korosho kwa ukali wa kuua, na hao wasijaribu. Kwamba mtoto mdogo huweza kupaliwa na punje nzima, basi asagiwe katika uji. Na kwamba korosho iliyojaa chumvi, au karanga iliyozamishwa katika sukari ya kashata, imekwisha poteza nusu ya wema wake njiani.

Msimu ulifika. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Mwalimu alipeleka korosho zake kwenye chama cha msingi. Karani alizipima, akahesabu, akahesabu tena. Watu waliokuwa foleni walitazamana, maana gunia linapopungua wengi hudhani limekwenda kwa wanunuzi wa kangomba, wale wanunuao kwa siri kabla ya mnada.

"Mwalimu," aliuliza karani, "mwaka huu magunia 11? Mikorosho imeugua?"

"Mikorosho mizima," alijibu Mwalimu. "Niliyeugua ni mimi."

Wengine walicheka, wengine hawakuelewa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake hakucheka, akamwuliza kwa sauti ndogo namna ya kupima ukufi.

Mwisho wa mwaka muuguzi alimpima tena akaandika 138 juu ya 84. Mwalimu alitaka kujua ni sehemu gani ya tofauti ile iliyoletwa na vidonge, ni sehemu gani na miguu yake, na ni sehemu gani na ukufi wake wa asubuhi. Muuguzi alisema hawezi kuigawa. Mwalimu alikubali, ingawa maisha yake yote hakupenda hesabu isiyogawanyika. Alitoka nje, akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa korosho chache zilizokaangwa na mkewe, nyingine zimeungua kidogo pembeni, si nyeupe kama zile za dukani. Akazitafuna polepole, akielekea nyumbani kwa miguu.